“Mimi sikuja kunoa”: dhana potofu za wanaoanza kukereza mbao

“Fundi, nimekulipa unifundishe kukereza, sikuja kunoa.” Kauli hiyo nimeisikia kwa wanafunzi watatu mfululizo wa kukereza, yaani kuchonga kwa patasi mti unaozungushwa na mashine iitwayo kerezo. Wa mwisho aliitamka akiwa ameshika patasi ambayo ncha yake iling'aa chini ya taa kama uzi mweupe. Makali yakiwa mazima hayaonekani, kwa sababu hayana uso wa kurudisha mwanga. Ukiona uzi mweupe, unatazama ubutu.

Nafundisha mtu mmoja mmoja, kwa saa, kwa hiyo hesabu anayoipiga mwanafunzi naielewa: kila dakika inayokwenda kwenye jiwe la kunolea anaiona imeibwa kwenye bakuli lake. Hesabu hiyo si sahihi, na nimechoka kuijibu kwa mdomo.

“Kunoa ni kazi ya pembeni, nitajifunza baadaye”

Tuanze na umbali. Bakuli lenye kipenyo cha sentimita 25, likizunguka mara 800 kwa dakika, hupitisha mbele ya patasi zaidi ya mita 600 za mti kila dakika ukiwa unakata karibu na ukingo. Dakika kumi ni kilomita sita. Seremala mwenye ubao wa mita mbili angeusukumia randa zaidi ya mara 3,000 kufikia umbali huo. Ndiyo maana patasi ya kukerezea haiwezi kunolewa asubuhi ikakufikisha jioni. Kwenye mti mgumu mimi hurudi kwenye jiwe kila baada ya dakika chache, na kabla ya mkato wa mwisho nanoa hata kama nadhani makali bado yapo.

Sasa mchukue mwanafunzi ambaye patasi zake zote zilinolewa na mwalimu wake. Kwa muda wa saa tatu kakereza vizuri, kaondoka kafurahi. Siku ya kwanza akiwa peke yake, robo saa haijaisha patasi imechoka. Anasukuma. Maranda yanageuka unga, anasukuma zaidi, mti unachanika. Anaamini amesahau alichofundishwa. Hajasahau kitu! Mkono wake uko vilevile, kilichokosekana ni makali ambayo siku ile hakuyatengeneza yeye. Wanafunzi wa namna hii hunijia baada ya miezi, wakiniomba niwarekebishe mkono. Nachukua patasi, nainoa, namrudishia bila kusema neno, na mkono unapona papo hapo.

Kuna jambo la ndani zaidi. Makali hufanya kazi pamoja na mgongo wake, yaani ule uso ulioinama ambao jiwe huuacha nyuma ya ncha. Patasi hutua kwanza kwenye egemeo, yaani chuma cha kuiegemeza mbele ya mti, kisha mgongo wa makali hugusa mti bila kukata, ndipo unainua mpini taratibu mpaka maranda ya kwanza yatoke. Mgongo ndio unaoibeba patasi katika safari yote. Ukiwa umenolewa ukabaki na nyuso tatu nne zilizovunjikavunjika, huna cha kuegemea, na hakuna maelezo ya mwalimu yatakayokusaidia. Kwa hiyo anayejifunza kunoa anajifunza kukata, ila anaanzia mwanzo wake.

Zoezi ninalompa kila mgeni ni hili. Paka mgongo wa makali wino wa kalamu nene. Gusisha patasi kwenye jiwe mara moja tu, kisha itazame. Wino ukitoka kwenye ncha pekee, pembe yako imesimama mno. Ukitoka kisiginoni pekee, yaani mwisho wa nyuma wa mgongo huo, imelala mno na makali hayajaguswa kabisa, unaweza kunoa kutwa nzima usipate kitu. Ukitoka wote kwa ulaini, kutoka kisigino hadi ncha, umefika. Kuhusu nyuzi za pembe yenyewe, kwa patasi ya bakuli mafundi hugombana kati ya 40 na 60. Mimi namwambia mwanafunzi achague moja aishike mwaka mzima. Anayebadilisha pembe kila wiki hujifunza patasi mpya kila wiki.

Na hapa ndipo kufundishwa ana kwa ana kunapolipa. Watu wanane wakipanga foleni mbele ya jiwe moja, kila mmoja anaambulia dakika tano. Mkiwa wawili, naweza kuweka kiganja changu juu ya chako ukasikia jinsi nguvu inayohitajika ilivyo ndogo: patasi inalala kwenye jiwe kwa uzito wake yenyewe, mkono unaiongoza tu. Karibu kila mtu hubonyeza mara nne ya inavyotakiwa. Wengi wamekuja wameshatazama video nyingi, na wanachokosa ni hicho hicho, kwa sababu video inaonyesha mwendo wa mkono lakini uzito wake haiuonyeshi.

Dhana hii ina pacha: kwamba mwanafunzi apewe patasi butu kwanza, asije akajikata. Ukweli ni kinyume chake. Patasi butu haikati, kwa hiyo unaweka nguvu ya bega nyuma ya chuma ambacho hakijaushika mti. Nyuzi za mti zikiigeuza ghafla, nguvu yote inaingia kwa mkupuo: patasi inanaswa, inagongwa kwenye egemeo, na kipande kinaweza kung'oka kwenye chaki, yaani kibano cha kerezo kinachoshika mti, na kuruka. Patasi kali huhitaji kubanwa na vidole tu. Sikiliza pia. Makali mazima yana mlio mmoja laini usiokatika, na maranda marefu yanaruka juu ya kiganja. Yakianza kuchoka, mlio unakwaruza na kinachomwagika ni unga.

Mwingine huliogopa jiwe kwa kuwa aliambiwa chuma kikigeuka bluu kwa joto la kunoa kimekufa. Ni kweli kwa patasi za chuma cha kaboni, ambazo hulainika zikipata joto la nyuzi 300 hivi. Lakini patasi nyingi za kukerezea zinazotengenezwa sasa ni za chuma cha haispidi, ambacho hustahimili karibu mara mbili ya joto hilo. Doa la bluu hapo si msiba. Usiichovye tu kwenye maji ikiwa ya moto, kwa sababu kupoa ghafla kunaweza kuitia ncha nyufa ndogo zisizoonekana.

“Msasa utamalizia”

Kwa kawaida nyuzi za mti zimelala kukatiza bakuli, kwa hiyo katika kila mzunguko makali hukutana mara mbili na sehemu ambazo nyuzi zinasimama kinyume. Patasi butu huzing'oa hapo badala ya kuzikata, na mashimo yanaingia chini ya uso. Msasa utakula mti laini ulio jirani kabla ya kuyafikia, na utaishia na bakuli ambalo si duara tena. Rudi kwenye jiwe, kisha mkato mmoja mwepesi.

“Nitavaa glovu nisiumie”

Hapana, na hapa sina mjadala. Glovu ikinaswa na mti unaozunguka huuvuta mkono wote. Mikono mirefu ya shati, mkufu na nywele zisizofungwa ni hatari hiyo hiyo. Kinachovaliwa ni kinga ya uso mzima, maana miwani hulinda macho tu na kipande kinachoruka kinaweza kukupiga popote usoni. Unapowasha kerezo, simama pembeni, nje ya njia ambayo kipande kingerukia.

Kuhusu vumbi, nasikia mara kwa mara kwamba mti ni kitu cha asili, hauwezi kudhuru. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995. Barakoa ivaliwe tangu msasa wa kwanza, na usiivue mara tu mashine inaposimama, kwa sababu vumbi jembamba bado linaelea.

“Kasi kubwa ndiyo inayokata safi”

Kasi hufuata kipenyo. Zidisha kipenyo kwa sentimita na mizunguko kwa dakika, jibu likae kati ya 15,000 na 23,000. Bakuli la sentimita 30 linataka mizunguko kati ya 500 na 750 hivi. Gogo ambalo bado halijasawazishwa huanzia chini ya hapo, na ukiona mashine inatetemeka, punguza.

“Ninunue seti nzima kwanza”

Usinunue chochote kabla ya somo la kwanza. Patasi nne zinatosha mwaka mzima: pana ya kusawazishia fito, ya bakuli, ya kukatia na ya mshazari. Na hiyo pana isiguse bakuli kamwe! Shingo yake inayoingia kwenye mpini ni nyembamba na inaweza kuvunjika. Fedha iliyobaki itumie kwa jiwe zuri la kunolea.

“Lazima mti uwe umekauka”

Kwa mazoezi, mti mbichi ni bora: unakatika kwa ulaini na vumbi lake ni dogo. Ila hujikunja ukikauka, kwa sababu kusinyaa kufuata mzingo wa pete zake ni karibu mara mbili ya kusinyaa kutoka kiini kwenda nje. Bakuli unalotaka libaki duara likereze kwanza liwe nene, ukuta wake uwe moja ya kumi ya kipenyo, uliache miezi kadhaa, kisha ulimalizie.

Bakuli lenyewe lisiwe kazi yako ya kwanza. Anza na fito iliyoshikwa kati ya ncha mbili za kerezo, ambapo nyuzi zote zimelala upande mmoja na kosa huonekana mapema.

“Siku moja na mwalimu inatosha”

Siku nzima mfululizo ni mbaya kuliko saa mbili zilizofuatwa na wiki mbili za kufanya peke yako. Baada ya saa tatu mkono wa mgeni umechoka na hashiki tena kitu. Unaporudi, njoo na patasi zako mwenyewe zikiwa butu jinsi zilivyo, zisinolewe na mtu njiani, na usitupe ulichoharibu. Fito iliyochanika upande mmoja inanionyesha ulikuwa unakata kuelekea wapi. Bakuli lenye mistari ya mawimbi linanionyesha mgongo wa makali uliuacha mti mahali gani. Nikivishika hivyo viwili mkononi, somo la pili huanzia pale hasa ulipokwama.