Bei ya Chumba cha Hoteli Ikishuka Baada ya Kulipa, Fedha Yako Inarudije?

Malalamiko ya aina hii yanafika kwenye dawati letu la kadi kila msimu wa safari: mteja amelipia chumba, baada ya siku chache anakiona chumba kilekile kwa bei ya chini, anataka benki imrudishie tofauti. Benki haina uwezo huo. Pingamizi la malipo ya Visa au Mastercard, yaani ombi la kupinga makato ya kadi, hufunguliwa kwa mfano ukiwa umetozwa mara mbili, umekosa huduma uliyolipia, au hoteli imekubali kukurudishia fedha kisha haikurudisha. Bei kushuka hakumo.

Hata hivyo, tofauti hiyo mara nyingi inaokolewa kwa njia nyingine, nayo ni haki ya kughairi. Haki hii unaichagua mapema, kabla hujaingiza namba ya kadi.

Hoteli nyingi huuza chumba kimoja kwa bei mbili. Ya kwanza ni nafuu kidogo, lakini ukishalipa umelipa. Ya pili imezidi kidogo, ila inakuruhusu kughairi bure hadi tarehe na saa iliyotajwa. Wengi wetu tunakimbilia ile nafuu. Ushauri wangu, kama safari bado iko mbali, ni kuchukua ya pili, kwa sababu bei za vyumba hupanda na kushuka kufuatana na vyumba vilivyobaki. Hapa Dar es Salaam tunaliona hilo wenyewe: wakati wa Sabasaba vyumba vinagombaniwa, wakati wa masika hoteli zinatafuta wageni.

Tuseme mfanyabiashara wa Kariakoo anakwenda Guangzhou kufuata mzigo. Ameweka nafasi ya kughairi bure kwa dola 70 kwa usiku, usiku tano. Siku kumi kabla ya safari anaangalia tena, anakuta dola 52. Hapo kuna dola 90 za kuokoa, lakini asianze kwa kughairi. Aweke kwanza nafasi mpya, asubiri uthibitisho uingie kwenye barua pepe, alinganishe aina ya chumba, tarehe, kodi na kifungua kinywa. Vikiwa sawa, ndipo aghairi ile ya zamani na kutunza namba ya kughairi, ile anayopewa kuthibitisha kwamba ameghairi. Anayetanguliza kughairi anaweza kukuta chumba kimeshachukuliwa.

Kinachowaumiza wengi ni saa. Muda wa mwisho wa kughairi kwa kawaida huhesabiwa kwa saa za kule hoteli iliko. Guangzhou wametutangulia kwa saa tano, hivyo saa 6 usiku ya kwao ni saa 1 usiku ya Dar. Ukifunga duka, ukapambana na foleni hadi Mbagala, ukala ndipo ushike simu, umechelewa, na mara nyingi utakatwa bei ya usiku mmoja au zaidi.

Hakikisha pia kadi ina salio la kutosha nafasi zote mbili. Fedha iliyokwisha kukatwa hairudi siku hiyohiyo. Inaweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki mbili. Na kama kadi yako ni ya shilingi, dola zitarudi kwa kiwango cha siku zinaporudi, kwa hiyo unaweza kupata pungufu ya ulichokatwa. Kwa tofauti ya dola tano, sioni haja ya kuhangaika.

Kwa hoteli za hapa nchini hesabu ya dola haikuhusu. Tangu mwishoni mwa Machi 2025, kanuni zinakataza huduma za ndani kutajiwa bei au kulipiwa kwa fedha za kigeni. Gesti nyingi za Sinza au Ubungo hupokea advansi kwa simu, na hapo hakuna kitufe cha kughairi, kuna mtu wa mapokezi. Mpigie kabla hujafika: “Dada, habari za kazi. Nina nafasi ya Ijumaa, nililipia 80,000. Naona sasa chumba hichohicho mnatoa kwa 60,000. Naomba mnisaidie kwenye hiyo tofauti.” Mwenye hoteli huona wepesi kukupa chumba kikubwa zaidi au chakula cha jioni kuliko kurudisha taslimu. Mkikubaliana, omba akuandikie kwa WhatsApp, na usifute ujumbe wa muamala.

Hoteli ikikuahidi fedha na isirudishe, njoo benki mapema na namba ya kughairi pamoja na picha ya masharti uliyoyakubali, maana pingamizi lina ukomo wa muda. Kama hoteli ya hapa nchini ilitangaza bei ya kupotosha, peleka lalamiko Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Na akikupigia mtu akisema anakurudishia fedha ya hoteli, kisha akaomba namba ya siri au ile inayoingia kwa ujumbe mfupi, kata simu. Kurudishiwa fedha hakuhitaji namba hizo.