Je, wajua kwa nini maboga mengine huota chunjua?

Ukipita soko la City Park pale Parklands, Nairobi, utakuta karela (lile tunda chungu lenye matuta), matango, kojeti na maboga kwenye meza moja. Yote ni ya ukoo mmoja, ila ngozi zao hazifanani hata kidogo. Boga moja ni laini, jingine limejaa vinundu kama lililougua. Wengi hulikataa hilo la pili, na mara nyingi wanalionea bure.

Vinundu hivyo kwa kawaida ni urithi tu. Mwaka 1922, watafiti Edmund Sinnott na G. B. Durham wa Marekani walieleza kwamba katika aina ya Cucurbita pepo, yenye kojeti na vibuyu vidogo vya mapambo, hali ya kuwa na chunjua huishinda hali ya kuwa laini. Panda mbegu iliyotokana na wazazi hao wawili tofauti, na tunda litafuata mzazi mwenye vinundu. Miongo kadhaa baadaye ikaonekana kwamba jeni hiyo haijitoshelezi. Inataka pia gamba gumu, lile linalokakamaa kwa lignini, dutu ileile inayoufanya mti uwe mgumu. Ndiyo maana kojeti changa ya ngozi nyororo ni nadra kuwa na chunjua, na kibuyu cha mapambo kinazidi kuwa nazo kadiri kinavyokomaa.

Tango lina njia yake. Vinundu vyake huanza mapema kabisa, kila kimoja chini ya kimwiba kidogo. Jeni iitwayo Tu huongeza saitokinini, homoni inayochochea seli kugawanyika, basi ngozi ya pale chini ya mwiba inainuka. Tango likishanenepa, vinundu vinaachana na kuonekana vichache, ingawa idadi ni ileile. Karela nayo haisubiri hata kuchavushwa: litazame ua jike, utaona nyuma yake kikarela kidogo mno, na matuta yake yote tayari.

Halafu kuna ngozi inayokwaruza kwa sababu imepasuka. Lile tikiti tamu la rangi ya krimu, lenye michirizi ya kijivu kila upande, lilikua kwa ndani kasi kuliko ngozi yake ilivyoweza kutanuka. Nyufa zikatokea, mmea ukaziziba kwa tabaka la gome laini. Hayo ni makovu, na wanunuzi huyapenda kuliko ngozi safi.

Sasa, ugonjwa upo kweli. Virusi kama vile vya batobato ya tango na vya batobato ya njano ya kojeti huenezwa na vidukari, na tunda hutoka na mafundo yasiyo na mpangilio, limepinda, lina mabaka. Mwenye kupanda kwenye magunia kule Kitengela au Ruiru asiangalie tunda peke yake. Atazame majani: yakiwa na madoa ya njano na yamekunjamana, hiyo si tabia ya mbegu. Ang'oe mche huo kabla vidukari havijahamia kwa jirani. Tunda lenyewe halimwambukizi mlaji, maana virusi hivyo ni vya mimea.

Kwa nini basi vinundu vimedumu? Kwa sehemu kubwa, nadhani, ni sisi watu. Ulaya na Marekani vibuyu vyenye chunjua huwekwa mezani msimu wa mavuno kwa sababu ni vya ajabu, na anayeuza mbegu huchagua vya ajabu zaidi. Vibuyu vya Maasai Market, soko la sanaa la Nairobi, ni vya aina nyingine kabisa yenye asili Afrika, navyo vimechaguliwa kinyume: juu ya ngozi laini ndipo mchongaji anapata pa kuchora.

Jambo la kuchunga ni ladha. Nyuki hawajui mipaka ya shamba, na kojeti iliyochavushwa na kibuyu cha mapambo hutoa mbegu ambazo matunda yake yaweza kuwa machungu kwa kukabitasini, sumu inayoleta kichefuchefu na kuhara, nayo haiondoki kwa kuchemshwa. Karela ni chungu kwa asili yake na walaji wake hawaitaki vinginevyo. Kojeti au boga likiwa chungu, liteme, tupa sufuria nzima, vinundu viwepo visiwepo.