Ukuta wa Lamu usiuvishe simiti

Jumamosi iliyopita rafiki zangu watatu walitua Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege, wakavuka kwa boti hadi gati la mji wa Lamu. Hatujamaliza hata chai pale Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome, mmoja wao, mwalimu kutoka Voi, akalitoa lile neno: "Fundi, nyumba hizi ni nzuri, lakini zinamung'unyika. Si mzipige simiti zikae?"

Neno hilo nimeambiwa na wenye nyumba, nimeambiwa na mafundi vijana wenye mwiko mkononi. Sasa naliandikia.

Ngome tuliizunguka upesi. Ilijengwa kati ya 1813 na 1821, ikawa jela hadi 1984. Kisha tukashika Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kuelekea mtaa wa kale wa Mkomani, maana huko ndiko kuta zinakosema.

Nyumba ya kale ina mawe ya namna mbili. Kuna tumbawe la baharini, jepesi, linalochongeka likiwa bichi. Hilo ndilo la nakshi na la vidaka, zile rafu zilizochimbwa ukutani. Na kuna jiwe gumu la nchi kavu, kama lile linalochimbwa Maweni, kule Manda. Katikati yake ni chokaa, mchanga na udongo. Na chokaa yenyewe ni nini? Ni tumbawe lililochomwa kwenye tanuu, likatiwa maji. Jiwe na chokaa yake ni ndugu wa tumbo moja, ndiyo maana wanavumiliana.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo watu wanaponichosha. Msingi wa nyumba hizi hauna kitu cha kuzuia maji. Unyevu unapanda kutoka ardhini na chumvi yake. Ukuta uliopakwa chokaa unapumua: maji yanatokea usoni, upepo unayachukua, chumvi inabaki juu ya plasta, na plasta inamomonyoka kidogo kidogo. Huko kumomonyoka mnakokuita ugonjwa ndiyo kazi yake! Plasta inakufa ili jiwe liishi, nawe unapaka nyingine. Ukiziba kwa simiti, maji hayakomi kupanda. Yanatafuta njia juu zaidi, kutoka magotini hadi mabegani, mpaka siku moja yanafika kwenye ncha za boriti, na boriti ikioza dari linashuka. Chumvi nayo inagandia ndani, inavimba, inalitafuna jiwe huku nje ukuta unang'aa kama mpya.

Katika kichochoro kimoja palikuwa na ukuta wa namna hiyo. Nikaugonga kwa kifundo cha kidole: juu mlio mzito, usawa wa kiuno mlio wa debe tupu. Pembeni plasta ilikuwa imeshapasuka. Nikaingiza kidole kwenye ufa, kikatoka na unga laini, mweupe wa kijivu. Nikamwambia mwalimu auonje. Akaweka kidogo ulimini, akakunja uso: chumvi. Ule unga ulikuwa jiwe.

Si kila kitu nina hakika nacho. Nyumba zilizojengwa karne ya 18 hazikujua mifereji ya maji ya leo wala matangi juu ya dari. Msalani, palipo na bafu la kisasa, nimewahi kutia simiti mwenyewe, na mpaka leo roho yangu haijatulia. Jambo la pili ni kubandua. Simiti iliyoshika sana huondoka na uso wa tumbawe; nimesimama na tindo mbele ya ukuta nusu siku nikipima lipi lina hasara kubwa, na mara nyingine nimeiacha ilivyo. Tena chokaa inataka subira: inakauka polepole kwa hewa, inanyunyiziwa maji, inafunikwa jua lisiikaushe kwa pupa. Mwenye nyumba aliyebakiza wiki mbili afanye harusi hataki kusikia hayo, nami namwelewa.

Alasiri tulipanda mashua kwenda Shela, tukautazama msikiti wa Ijumaa wa 1829 na mnara wake. Njiani mwalimu alikuwa kimya, kisha akauliza kwa wasiwasi: nyumba ya mamake Voi, aliyoipiga plasta ya simiti mwaka jana, aibandue? Nikamuuliza imejengwa kwa nini. Kwa bloku za simiti, akasema. Basi iache, nikamwambia, hapo simiti imekaa na jamaa zake.