Hakuna anayekaa kuhesabu upya takwimu za serikali

Nafundisha waandishi wa habari kusoma takwimu, na juzi nimeulizwa tena: "Si Uingereza wana chombo huru cha kusimamia takwimu za serikali, basi namba ikipita pale imeshahesabiwa upya, tuichukue tu?" Hapana jamani! Chombo hicho, yani Mamlaka ya Takwimu ya Uingereza, kilianza Aprili 2008 kwa sheria ya 2007, kinawajibika kwa bunge siyo kwa waziri, na kinachokagua ni namba imezaliwaje, yani nani kaikusanya, kwa njia gani, nani kaiona kabla ya wengine, na kasoro zake zimesemwa au zimefukiwa.

Chukua mfano wa polisi, huwa siuachi. Januari 2014 takwimu za uhalifu zinazorekodiwa na polisi wa England na Wales zilivuliwa hadhi ya takwimu za taifa, ile alama ya mamlaka kwamba namba imefikia viwango vyake. Shida haikuwa kujumlisha, shida ilikuwa kaunta: mtu anakuja kasema kapigwa, askari anamsikiliza, halafu haandiki kitu. Novemba mwaka huohuo wakaguzi wa polisi wakakuta karibu 19% ya makosa yaliyoripotiwa hayakurekodiwa, zaidi ya 800,000 kwa mwaka. Sasa hapo ungehesabu upya nini, wakati kilichokosekana hakijawahi kuingia kwenye daftari? Ule utafiti mwingine unaowafuata wananchi majumbani kuwauliza wametendewa nini ulibaki na hadhi yake, na ndiyo maana nawaambia kila siku anzeni na ukurasa wa namna data zilivyokusanywa, jedwali baadaye, ila watu wanakimbilia jedwali.

Wengine wanasema takwimu zikisitishwa kuna kitu kinafichwa. Oktoba 2023 makadirio ya ajira yaliyotokana na utafiti wa nguvukazi yalisitishwa kwa sababu waliojibu walikuwa wachache mno, yakarudi Februari 2024 yakiwa na lebo kwamba bado yanaboreshwa. Hiyo ni kusema ukweli, siyo kuficha.

Na hii ya "hawawezi kumgusa mkubwa", Septemba 2017 mwenyekiti wa mamlaka, David Norgrove, alimwandikia barua ya wazi Boris Johnson akiwa waziri wa mambo ya nje, kwamba ameitumia vibaya ile namba ya pauni milioni 350 kwa wiki, iliyodaiwa Uingereza ingeipata tena ikijitoa Umoja wa Ulaya, kachanganya mchango wote wa Uingereza kwa Umoja huo na ule unaobaki ukishatoa kinachorudishwa.