ARV, figo na mifupa: majibu kwa wanaotumia TLD

Ni kweli ARV zinaharibu figo?

Inayolalamikiwa hasa ni tenofovir, iliyomo kwenye TLD, kile kidonge kimoja cha kila siku wanachotumia wengi Tanzania na Kenya. Hutoka mwilini kupitia figo, na kwa watu wachache huumiza mirija midogo iliyomo humo. Walio wengi huitumia miaka na miaka bila tatizo. Tafadhali usiache dawa kwa hofu: VVU visipodhibitiwa navyo huharibu figo.

Nani ajihadhari zaidi?

Aliyevuka miaka 50, mwenye presha, kisukari au uzito mdogo, na aliyewahi kuugua figo.

Kinachonisikitisha zaidi ni dawa za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni. Mgongo unauma, mtu anakwenda duka la dawa, anauziwa bila kuulizwa anatumia dawa gani nyingine, anameza wiki nzima. Dawa hizi hupunguza damu inayofika kwenye figo, na zikikutana na tenofovir hatari inaongezeka. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli ni nafuu kwa figo. Mwambie muuzaji unatumia tenofovir. Si lazima useme zaidi ya hapo, wala yeye aulize.

Kreatinini yangu imepanda kidogo tangu nianze TLD. Figo zinakufa?

Mara nyingi hapana. Dolutegravir, iliyomo kwenye kidonge hichohicho, huzuia kidogo utoaji wa kreatinini, taka ya damu inayopimwa kujua hali ya figo, kwenye mkojo. Kipimo hupanda wiki za mwanzo kisha husimama, na figo haijaumia.

Cha kutia wasiwasi ni kreatinini inayozidi kupanda, protini kwenye mkojo, au sukari kwenye mkojo wakati ya damu ni ya kawaida. Ukienda CTC, yaani kliniki ya VVU, omba mkojo upimwe kwa kijiti. Majibu hutoka palepale. Figo ikiwa imeumia, daktari anaweza kukuhamishia dawa nyingine, kwa mfano abakaviri. Usijibadilishie mwenyewe, hasa ukiwa na homa ya ini B: tenofovir inaitibu pia, na ukiikatisha ghafla ini linaweza kuvimba vibaya.

Na mifupa?

Uimara wake hupungua kidogo mwaka wa kwanza au wa pili, kisha hali hutulia. Lakini mirija ya figo ikiumia, madini ya fosfeti hupotea kwenye mkojo na mifupa hulainika. Maumivu ya nyonga, mapaja au mbavu yasiyoisha yasemwe kliniki, yasifunikwe kwa dawa za maumivu.

Kula dagaa wazima na mifupa yao, kunywa maziwa, tembea, acha sigara, punguza pombe.

Naweza kumeza vidonge vya kalisi?

Ndiyo, ila kalisi hushika dolutegravir tumboni isiingie vizuri mwilini. Meza TLD saa 2 kabla ya kalisi au saa 6 baada yake, au meza zote pamoja na chakula. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito ni vivyo hivyo. Dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini zifuate saa hizo tu. Chakula hakisaidii hapo.