Hija haifuti deni la dagaa

Juzi baada ya laasiri nimekaa barazani kwenye msikiti wetu hapa Ujiji, akaja mzee mmoja na kanzu mpya kuaga. Anakwenda Makka. Nikamuuliza swali ninalomuuliza kila anayeaga: "Mzee wangu, madeni yamekaaje?" Akacheka. "Ustadhi, si ndiyo nakwenda huko kusamehewa?"

Nimechoka na jibu hilo. Nalisikia kwa wenye mitumbwi, kwa wachuuzi wa mawese, kwa ndugu wanaogombania nyumba ya marehemu. Wengine hawangoji hata hija. Ramadhani ikiandama wanaamini hesabu zote zimeanza upya.

Hadithi wanayoitegemea ni sahihi, sibishani nayo: anayehiji bila maneno machafu wala uasi hurudi kama siku aliyozaliwa na mama yake. Lakini huo ni msamaha wa yaliyo baina yako na Mola wako. Haki za waja zina wenyewe. Shahidi, mtu aliyetoa roho yake, husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Imo katika Sahihi Muslim, kitabu cha Hadithi. Wewe uliyepanda ndege umemzidi shahidi kwa lipi? Na Mtume (s.a.w.) alipoletewa jeneza la mtu mwenye deni na hakuacha cha kulilipia, hakumsalia mpaka sahaba Abu Qatada alipojitwika deni lile.

Toba ina masharti matatu: kuiacha dhambi, kuijutia, kuazimia kutoirudia. Ikiwa ndani yake kuna haki ya mtu, Imamu Nawawi anahesabu la nne: umrudishie au akuhalalishie. Hilo la nne ndilo watu wanaloliruka kama dimbwi la matope.

Na deni si fedha ulizokopa tu. Niliwahi kuletewa sado mbili za kupimia dagaa, wanaodai wamekasirika kweli. Kwa nje zilikuwa pacha. Tukajaza ya kwanza, tukaimimina katika ya pili: ikafurika, zikabaki konzi mbili nzima mkekani. Kuigeuza, kitako kimepashwa moto kikasukumwa ndani kama mgongo wa bakuli. Mwenye sado anafunga kila Jumatatu na Alhamisi, na alilitaja hilo kujitetea! Nikamsomea Suratul Mutaffifin, aya tatu za mwanzo, zinazowaonya wanaopunja vipimo, nikamwambia kila aliyempimia kwa sado ile anamdai. Anaowajua awape chao. Asiowajua, atoe sadaka ya kiasi hicho kwa niaba yao, na akimpata mmoja siku za mbele asijifiche. Anayeweka dagaa wakavu juu na wabichi chini naye asitabasamu. Mtume alitia mkono katika lundo la nafaka sokoni, vidole vikatoka na unyevu, akasema mwenye kughushi si katika yeye.

Asiye nacho je? Hapo mdai ndiye mwenye mtihani. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi 3 mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei, wavuvi wengi walikwama, na Kurani iko wazi katika Baqara aya ya 280: mwenye dhiki apewe muda, na kumsamehe ni bora zaidi. Lakini mkwamaji aende mwenyewe kwa mdai wake akaseme. Kuzima simu si dhiki.

Ushauri wangu, na vijana wananicheka kwa huu: nunueni daftari. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani haihusu udhu wala saumu, inahusu kuandika deni. "Tunaaminiana" ndiyo maneno yanayojaza baraza langu.

Mengine nayapitia haraka. "Simsengenyi, nasema kweli." Ikiwa ni kweli ndiyo ghiba yenyewe, ikiwa uongo umezua, na hilo ni zito zaidi. "Inshallah," anasema fundi ambaye moyoni ameshaamua haji kesho. Neno hilo ni la mwenye nia. Kama huji, sema siji. Kuna na wanaoona si dhambi kumpunja asiye Mwislamu. Mtume alifariki deraa yake, vazi la chuma la vitani, ikiwa rehani kwa Myahudi kwa pishi 30 za shayiri. Alikopa akaweka dhamana, hakumdhulumu. Na bwana anayedai kushika ufagio kunamvunjia heshima, Bi Aisha aliulizwa Mtume alifanya nini nyumbani, akajibu alikuwa akiwatumikia ahali zake, adhana ikifika anatoka kwenda kuswali. Sina la kuongeza.

Yule mzee wa kanzu alinuna, akaondoka bila hata kunywa kahawa. Kesho yake akarudi na daftari la mjukuu, ukurasa wa nyuma ameandika majina saba kwa penseli. Akaweka kidole kwenye la tatu. "Huyu alikufa zamani, Ustadhi. Nimfute?"

"Ana watoto?"

"Wako Kasulu."

Nikamwambia basi la Kasulu ni asubuhi, awahi.