Magazeti ya mikoani: anayeuza matangazo naye apelekwe darasani

Tangu Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, JAB, ianze kazi, simu nyingi zinazoingia ofisi yetu ya mafunzo na usuluhishi wa malalamiko dhidi ya magazeti zina swali moja: "Kozi ya kupata ithibati mnaitoa lini?" Hatuitoi. Kozi ya namna hiyo haipo, na anayewauzia wenzetu wa mikoani semina ya siku mbili kwa ahadi hiyo anawaibia. Ithibati, yaani kibali cha kufanya kazi ya uandishi wa habari, inatolewa na Bodi kwa mwenye elimu ya uandishi wa habari ya kiwango kilichowekwa na kanuni, yaani stashahada au zaidi. Sisi tunawanoa watu ambao tayari wako kazini.

Makala hii inawalenga zaidi wamiliki na wahariri wa magazeti madogo ya mikoani, ya wiki au ya mwezi, pamoja na yale ya taasisi za dini na mashirika yanayouza nafasi za matangazo. Tunapokea maombi ya awamu ijayo ya mafunzo, na fomu zilizokwisha kufika zinafanana kwa jambo moja. Kila gazeti limejaza majina ya waandishi, na karibu hakuna lililojaza jina la anayeuza matangazo. Wakati huo huo, malalamiko tunayoletewa dhidi ya magazeti haya mara nyingi hayakuanzia kwenye habari. Yameanzia kwenye tangazo, au kwenye habari iliyolipiwa kama tangazo na kuchapwa kama habari.

Tumalize kwanza suala la ithibati, maana ndilo linalowakosesha watu usingizi. Bodi iliundwa na Sheria ya Huduma za Vyombo vya Habari, Na. 12 ya mwaka 2016. Wajumbe wake wa kwanza walipatikana mwaka 2024 chini ya uenyekiti wa Tido Mhando, na hapo ndipo waliozoea kusema "sheria ipo lakini haitekelezwi" walipoanza kutafuta vyeti. Ieleweke kwamba wasio na stashahada walikuwa wamepewa kipindi cha mpito cha miaka 5 ili wajiendeleze. Haikuwa siri.

Maombi yanafanywa kwenye mfumo wa Bodi mtandaoni. Andaa mapema nakala za vyeti zilizothibitishwa, kitambulisho cha Taifa, picha ndogo ya karibuni, na barua ya utambulisho kutoka kwenye chombo chako. Barua hiyo iwe kwenye karatasi yenye nembo ya gazeti, iwe na tarehe, itaje cheo chako na aina ya ajira, na isainiwe na mhariri au mmiliki, si na mwandishi mwenzako. Kama jina la kwenye cheti cha kidato cha nne halilingani na la NIDA, hata kwa herufi moja, tafuta hati ya kiapo kabla hujaanza kujaza. Kama huna mwajiri, usijiandikie barua ya kampuni isiyosajiliwa. Omba kama mwandishi wa kujitegemea. Na ambaye hajasoma kabisa njia yake ni ndefu kidogo lakini iko wazi: ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, ukiondoa ya dini, unamwingiza ngazi ya NTA 4, yaani cheti cha awali, kisha 5, kisha 6 ambayo ndiyo stashahada. Kabla ya kulipa ada, hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na kozi yenyewe imeidhinishwa. Uzoefu wa miaka 15 tunauheshimu sana, ila kanuni haiusomi kama cheti.

Kufanya kazi ya uandishi wa habari bila ithibati ni kosa la jinai, na sheria inataja faini ya mamilioni ya shilingi au kifungo. Adhabu kadhaa ziliguswa na marekebisho ya mwaka 2023, ambayo pia yalifuta vifungu vya kashfa kama jinai, kwa hiyo soma toleo lililorekebishwa. Nakala inayozunguka WhatsApp ni ya 2016. Tunafahamu vilevile kwamba Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, katika hukumu ya tarehe 28 Machi 2019, iliona vifungu kadhaa vya sheria hiyo, vikiwemo vya ithibati, vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Mjadala huo una wenyewe na si kazi ya ukurasa huu kuuamua. Bodi ipo na inasajili, na mwandishi aliyezuiwa mlangoni hataingia ukumbini kwa kunukuu hukumu. Tena, kitambulisho cha uandishi hakikupi haki ya kupanda basi bure, wala si kibali cha kukusanya matangazo.

Turudi kwa muuza matangazo. Yeye hadaiwi ithibati na mtu yeyote, na pengine ndiyo maana anasahaulika.

Kwenye kampuni kubwa za Dar es Salaam, idara ya matangazo na chumba cha habari viko mbalimbali, wengine hawajuani hata kwa majina. Kwenye gazeti la mkoa lenye watu watano, mwandishi wa wilaya ndiye mpiga picha, ndiye anayepeleka nakala kwa wauza magazeti stendi, ndiye anayepokea tanzia, na mwisho wa mwezi ndiye anayekwenda halmashauri kufuatilia ankara. Asubuhi anamhoji mkurugenzi kuhusu vyoo vya shule ambavyo havijakamilika, mchana yuko kwa mhasibu wa mkurugenzi huyo huyo akiulizia malipo. Halafu mwandishi huyo analipwa kwa habari iliyotoka, hana mkataba, na kamisheni ya tangazo moja inazidi malipo ya habari zake za mwezi mzima. Atakayeshangaa vyoo vikipotea kwenye gazeti hajawahi kulipa kodi ya nyumba.

Hatusemi gazeti liajiri watu wawili mahali pasipo na mshahara wa mmoja. Tunachofundisha ni utaratibu. Aliyeleta tangazo la mteja haandiki wala hahariri habari inayomhusu mteja huyo katika toleo hilo na linalofuata. Mhariri anampa mwingine, na kama hakuna mwingine, anaishika mwenyewe. Fedha za tangazo zinaingia akaunti ya gazeti, si simu ya mwandishi. Kamisheni inaandikwa kwenye mkataba kwa asilimia na inalipwa na gazeti baada ya mteja kulipa. Akikata chake juu kwa juu kabla ya kuwasilisha, hiyo si kamisheni. Na bahasha ya kwenye mkutano wa waandishi, iite nauli, iite maji ya kunywa, haiingii katika hesabu yoyote ya gazeti. Hilo tumelieleza mara nyingi kiasi kwamba silirefushi hapa.

Tatizo linalotuletea mafaili mengi ni makala ya kulipiwa. Mteja ananunua ukurasa mzima wa pongezi, kisha anasema, "Na habari yangu mniwekee ukurasa wa tatu." Meneja wa matangazo anakubali kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ukurasa wa tatu si wake kuuza. Habari inatoka ikiwa na jina la mwandishi, haina upande wa pili, na wiki inayofuata yule aliyetajwa vibaya ndani yake yuko kwetu na wakili. Makala iliyolipiwa iandikwe TANGAZO au MAKALA YA KULIPIWA juu ya ukurasa, kwa herufi zinazosomeka bila miwani, ikiwa imezungushiwa mstari wake, kwa aina ya herufi tofauti na ya habari, bila jina la mwandishi wa gazeti. Tumewahi kujibiwa kwamba wasomaji wanajua wenyewe kutofautisha. Hawajui, na mteja asiyetaka neno TANGAZO liwekwe anategemea hasa kwamba hawajui.

Kuna pia dhana kwamba maudhui ya tangazo ni mzigo wa mteja, gazeti limepokea tu fedha. Si kweli. Ukilichapa, umelichapisha wewe. Kwa hiyo meneja anayepokea tangazo anapaswa kujua karatasi gani ya kudai kabla ya kutoa ankara. Tangazo la dawa linahitaji idhini ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Tiba asili ina baraza lake, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Mganga anayetangaza kutibu kisukari, nguvu za kiume na kesi ya mahakamani kwa dawa moja hana kibali cha kuandika hivyo, hata akilipia miezi sita kwa mkupuo. Usimamizi wa chakula ulihamia TBS, Shirika la Viwango, mwaka 2019, ingawa bado tunaona matangazo yaliyoandikwa "imethibitishwa na TFDA", taasisi ambayo haipo tena kwa jina hilo. Wakopeshaji wadai leseni ya Benki Kuu: Novemba 2024 BoT ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni, na meneja yeyote angeweza kuibandika ukutani. Michezo ya kubahatisha ina bodi yake. Wakala wa ajira, hasa anayepeleka mabinti Uarabuni, aonyeshe leseni ya wizara yenye dhamana ya kazi, si kipeperushi chenye picha ya ndege. Pete za bahati na kujiunga na Freemason, naomba tusizungumzie.

Ukichapa picha ya mtoto kwenye tangazo la shule, kuwe na ridhaa ya mzazi kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023 na haibagui gazeti dogo na kubwa.

Kwenye fedha, malalamiko yanageuka. Hapa mameneja ndio wanaotulalamikia kwamba wateja "wanawapunja". Chukua mfano. Gazeti linatoza shilingi 8,000 kwa sentimita moja ya safu. Tangazo la safu 5 kwa urefu wa sentimita 10 ni sentimita 50, yaani shilingi 400,000. Taasisi inalipa 380,000 na meneja anapiga simu kwa hasira. Zile 20,000 ni kodi ya zuio, asilimia 5 ya malipo ya huduma. Anayelipa anatakiwa kuikata na kuiwasilisha TRA, na wewe unatakiwa kudai cheti chake, kwa sababu inahesabiwa katika kodi yako ya mapato mwisho wa mwaka. Magazeti mengi hayadai. Yanaitoa kodi hiyo sadaka, kisha yanalia hayana fedha ya wino. Kuhusu VAT, kiwango cha mauzo cha kulazimika kusajiliwa kilipandishwa hadi shilingi milioni 200 kwa mwaka kuanzia Julai 2023, hivyo wengi wenu hamko huko. Usimwongezee mteja asilimia 18 kama hujasajiliwa. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki, ni lazima hata kama mteja hajaiomba. Adhabu ya kutoitoa inazidi bei ya matangazo yenu mengi, na afisa wa TRA hatasikiliza maelezo kwamba mashine iko kwa mwandishi wa Kahama.

Ipo sababu nyingine ya kumpeleka meneja darasani, nayo ni kwamba soko limehama. Zabuni za serikali, zilizokuwa zikijaza kurasa za katikati, sasa zinatangazwa kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni ulioanza mwaka 2023. Mwaka huo huo kilifutwa kifungu kilichoipa Idara ya Habari Maelezo kazi ya kuratibu matangazo ya serikali. Maana yake ni kwamba kila taasisi inajichagulia gazeti, na asiyebisha hodi hapewi. Gazeti la mkoa lina wateja ambao magazeti ya kitaifa hayawafikii: AMCOS na SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya mazao na vya akiba na mikopo, vinavyotakiwa kuwaita wanachama kwenye mkutano mkuu, shule binafsi msimu wa usaili, maduka ya pembejeo kabla ya mvua, minada, hospitali za misheni, kumbi, tanzia na shukrani. Lakini mteja wa namna hii anauliza gazeti linauza nakala ngapi. Meneja akitaja zilizochapwa badala ya zilizouzwa, atampata mara moja tu. Katika mafunzo tunafundisha kutunza daftari la marejesho ya kila stendi, yaani nakala zilizorudi bila kuuzwa, kazi isiyopendwa na mtu, na hilo ndilo linalowafanya wateja warudi.

Malalamiko yakija kwetu, utaratibu ni huu. Mlalamikaji aanze kwa mhariri, kwa maandishi. Asiporidhika au asipojibiwa, atuletee barua, nakala halisi ya gazeti na jibu la mhariri kama lipo. Tunaziita pande zote kwa usuluhishi, na katika hatua hiyo hakuna ulazima wa wakili. Ikithibitika gazeti limekosea, linachapa marekebisho au radhi mahali panapolingana na pale kosa lilipotokea. Kosa la ukurasa wa mbele halisahihishwi juu ya fumbo la maneno ukurasa wa kumi na nne. Sisi hatuna mamlaka ya kumfunga mtu, na hatulifungii gazeti. Ndiyo maana wengine hupuuza wito wetu, kisha hukutana na mlalamikaji yule yule kwenye kesi ya madai, ambako fidia haina urafiki.

Maombi ya mafunzo yanapokelewa kwa kila gazeti, si kwa mtu mmoja mmoja. Tunahitaji nakala ya leseni ya gazeti iliyohuishwa mwaka huu, matoleo matatu ya mwisho, orodha ya bei za matangazo, mfano wa mkataba mnaotumia kwa waandishi wa wilaya, na majina ya washiriki wawili: mmoja wa habari, mmoja wa matangazo. Kama ni mtu yule yule anayefanya zote mbili, andikeni hivyo na mhariri aje naye. Orodha ya bei isiyokuwepo isitungwe kwa ajili yetu, semeni haipo. Fomu yenye waandishi pekee itarudishwa, na iliyotumwa kama picha ya simu iliyopigwa gizani haitasomwa.